Chema chajiuza, ila si kwenye dojo

Njia panda ya kuingia mtaani kwetu pana nguzo ya umeme ambayo imegeuka gazeti. Mganga wa nyota yuko pale, fundi friji yuko pale, chumba na sebule vinavyopangishwa viko pale. Juzi juzi limeongezeka bango la karate. Kijana amepiga msamba hewani, kisigino chake kinakaribia kugusa namba ya simu, na chini yake imeandikwa kwa herufi nyekundu: mkanda mweusi ndani ya miezi 18, uhakika. Nilipowatumia picha yake jamaa niliowahi kufanya nao mazoezi, jibu lilikuwa moja, kana kwamba wamekaa kikao. Matangazo yameiua karate. Zamani dojo, yaani ukumbi wa kufundishia karate, halikujitangaza. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Mmoja, ambaye mpaka leo namwita sempai, yaani mkubwa wangu wa mazoezi, ingawa sote tumeota vitambi, alisema video za TikTok ndizo zimemaliza kila kitu, kwa sababu sasa kijana anajifunza kurusha teke la kamera kabla hajajua kusimama.

Kuhusu bango lenyewe sibishani nao: ni la uongo. Lakini wanakosea wanapodhani kwamba ubaya wake umetokana na kuwa tangazo, na kosa hilo limewagharimu walimu wazuri kuliko wabaya. Ubora na matangazo si sahani mbili ambazo mwenye dojo achague moja. Kimoja kinaingiza watu, kingine kinawabakiza, na kimoja kikiwa sifuri hesabu nzima ni sifuri. Tena katika sanaa za kujihami, kuliko katika biashara nyingine nyingi nizijuazo, ubora ukinyamaza haumfikii mnunuzi. Unapitwa na makelele, na mwenye makelele anachukua watoto wa mtaa mzima. La kuuliza, basi, ni kama tangazo linasema jambo ambalo mtu anaweza kwenda kulihakikisha kwa macho yake.

Methali ile ilitungwa na watu waliokuwa wananunua vitu vinavyojieleza. Embe unalinusa, unalibonyeza karibu na kikonyo, unajua. Pilau ya mama ntilie utaijua kwenye tonge la kwanza, na kesho utarudi au hutarudi. Hata fundi cherehani hana pa kujificha, maana siku ya kujaribisha nguo bega linakaa au halikai. Sasa mpeleke mzazi ambaye hajawahi kupiga ngumi katika maisha yake kwenye darasa la karate Jumamosi asubuhi, mtoto wake wa miaka 8 yuko mstari wa nyuma. Anaona nini? Nguo nyeupe, mistari iliyonyooka, sauti moja ya watoto 30 wakipiga kiai, ule ukelele unaoandamana na pigo. Madarasa mawili, moja zuri na moja bovu, yakiwekwa mbele yake yatafanana kama sare za shule. Tofauti iko mahali asipopatazama: kisigino cha mguu wa nyuma kimekaa chini au kimeinuka, nyonga inageuka kabla ya ngumi au baada yake, mkono unaorudi kiunoni unarudi kwa nguvu au unajirudia tu. Niliwahi kumwona mwalimu akitumia karibu dakika 20 za darasa kwa mtoto mmoja, kidole chake kimegusa mfupa wa nyonga ya mtoto, akirudia neno moja tu: "Hapa. Hapa. Hapa." Wazazi waliokaa kwenye benchi walikuwa wanatazama simu. Mmoja alilalamika kwamba siku hiyo watoto hawakufanya kitu.

Zaidi ya hapo, bidhaa yenyewe haijaribiwi karibu kamwe. Ni kama mtungi wa kuzimia moto ulioning'inizwa koridoni: kama ni mtupu, utajua siku nyumba inaungua. Wengi wetu, tunashukuru Mungu, tutafanya karate miaka 20 bila kukabwa hata mara moja. Kwa hiyo mzazi ananunua kwa dalili. Anaangalia mkanda wa mwalimu, vikombe kabatini, usafi wa ukumbi, msamba. Na dalili zote hizo zinanunulika. Mkanda mweusi unauzwa dukani kwa mtu yeyote mwenye hela, na muuzaji hakuulizi cheti.

Hapo ndipo wazee wangu, wale jamaa wa mazoezi, huleta historia, na hapo ndipo hoja yao ni dhaifu kuliko zote. Wanasema mabwana wakubwa hawakujitangaza. Ukweli ni kwamba walijitangaza vizuri mno mpaka tumesahau kwamba yalikuwa matangazo. Kano Jigoro, mwanzilishi wa judo, alianza shule yake ya Kodokan mwaka 1882 kwenye chumba cha mikeka 12 katika hekalu la Eishoji, Tokyo, akiwa na wanafunzi wa kuhesabika kwa vidole. Angekaa pale akingoja chema kijiuze, judo ingekufa naye. Badala yake aliingiza judo mashuleni, alifanya maonyesho, alihutubia kila alikoalikwa, na mwaka 1909 akawa Mwasia wa kwanza kuingia Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki. Alifariki Mei 1938 akiwa melini, njiani kurudi Japani baada ya mkutano wa kamati hiyo uliofanyika Cairo. Alipofariki alikuwa na miaka 77, na safari ilikuwa bado ni ya kunadi.

Karate ndiyo usiseme. Funakoshi Gichin, mwalimu wa karate, alitoka Okinawa mwaka 1922 kwenda Tokyo kufanya maonyesho, na Kano mwenyewe akamkaribisha Kodokan aonyeshe. Nguo nyeupe tunazoziita za karate zilifuata mfano wa judo. Madaraja ya dan, zile ngazi za mkanda mweusi, yalitoka judo pia, na Funakoshi alianza kuyatoa mwaka 1924. Hata jina lilifanyiwa ukarabati: herufi ya kwanza ilikuwa na maana ya China, jambo ambalo halikuwa na soko Japani ya miaka ya 1930, ikabadilishwa kwa herufi nyingine inayotamkwa vilevile "kara" lakini yenye maana ya tupu, na "te" ni mkono. Walimu wa Okinawa waliokutana Naha mwaka 1936 wakaliafiki. Mikono mitupu tunayojivunia leo ni, kwa sehemu, uamuzi wa watu waliojua bidhaa inahitaji jina linalokubalika. Na mikanda ya njano, ya chungwa, ya kijani na ya bluu haikuteremka na mababu. Ilishamiri Ulaya kwenye vilabu vya judo kati ya vita vikuu viwili, na anayetajwa sana ni Kawaishi Mikonosuke aliyekuwa akifundisha Paris. Mzungu hakuwa na subira ya kukaa mkanda mweupe miaka mitatu bila kuona hatua, akapewa rangi.

Kwetu nako, hadithi ya enzi zisizokuwa na matangazo haisimami. Dar es Salaam ya miaka ya 1970 ilipata bahati ya mwalimu wa kweli, Mmarekani Mweusi Nantambu Camara Bomani, aliyeijenga Goju-ryu, mmoja wa mitindo ya karate, na ambaye jina lake bado linatajwa pamoja na dojo la Zanaki. Wanafunzi wake wanasimulia ugumu wa mazoezi, na siwezi kuwapinga. Lakini vijana waliojazana kwenye madojo ya mji huu miaka ile hawakuota kwamba Goju-ryu ipo. Walikuwa wametoka kwenye foleni za Avalon, Empire na Odeon, wamemwona Bruce Lee, wamerudi nyumbani wakipigana mateke na kuta. Sinema ilikuwa inawatangazia walimu bure kila wiki, na walimu wakadhani ni ubora wao ulikuwa unaita. Sinema zilipofungwa, simu ikawa kimya, wakasema vijana wa siku hizi hawana nidhamu.

Mfano mkubwa kuliko wote ni wa juzi tu. Karate iliingia Olimpiki ya Tokyo, iliyofanyika 2021, ndani ya ukumbi wa Nippon Budokan. Jukwaa kubwa kuliko hilo halijawahi kupata. Fainali ya wanaume wazito, tarehe 7 Agosti, Tareg Hamedi wa Saudi Arabia alikuwa anaongoza 4 kwa 1 dhidi ya Sajad Ganjzadeh wa Iran. Akarusha teke la juu. Likampata Ganjzadeh sawasawa, akaanguka, akapoteza fahamu, akatolewa kwa machela. Waamuzi wakajadiliana, wakamwondoa Hamedi kwa kuzidisha nguvu, na dhahabu ikaenda kwa mtu aliyekuwa amelala. Kwa aliyekulia kwenye karate ya mashindano, uamuzi ule ulikuwa na mantiki yake, maana sifa ya teke ni kufika bila kumuumiza mwenzio, na kujizuia ndiko kunakopimwa. Kwa mtu wa kawaida aliyekuwa na rimoti mkononi ilikuwa ni kichekesho. Karate haikuwepo Paris 2024, na haipo kwenye ratiba ya Los Angeles 2028. Sisemi iliondolewa kwa sababu ya teke lile, kwani Paris walishapanga michezo yao mapema. Nasema tu kwamba pale palikuwa na ubora wa hali ya juu, mbele ya dunia nzima, na ubora huo haukujieleza hata dakika moja.

Tuje kwenye hesabu, kwa sababu mabishano haya hayajawahi kufanyiwa hesabu. Idadi ya wanafunzi walio ukumbini, dojo likishatulia, ni wanaoandikishwa kwa mwezi mara miezi ambayo mtu wa wastani anakaa. Chukua madojo mawili ya kufikirika. Mwenye bango anaandikisha watu 10 kila mwezi, lakini mtu anakaa miezi 4 anachoka na kutoweka: ana wanafunzi 40. Mwalimu mzuri asiyejulikana anaandikisha mmoja kwa mwezi, jirani aliyeambiwa na jirani, lakini akiingia anakaa miaka 2: ana wanafunzi 24. Weka ada ya shilingi 30,000. Wa kwanza anakusanya 1,200,000 kwa mwezi, wa pili 720,000, na kodi ya ukumbi ni ileile. Huyo wa pili ndiye atakayefunga. Chema kimefanya kila kitu sawasawa na kimeshindwa. Sasa mpe huyo wa pili bango la maana, aandikishe 3 badala ya mmoja. Anafika 72, anampita mwenye makelele kwa mbali, na hajashusha kiwango hata kidogo. Mwenye makelele naye akitaka kufika 72 kwa mtindo wake itabidi aandikishe 18 kila mwezi, na mtaa una watoto wangapi?

Hesabu hiyo inaonyesha kitu kingine kinachonitisha zaidi. Dojo la kwanza, kila mwaka, linatema watu 120. Wanatoka na kauli moja: niliwahi kusoma karate, haina kitu. Watu hao hawaendi kwa mwalimu wa pili. Kwao karate imeisha. Kwa hiyo mwalimu mbaya anayejitangaza hamnyang'anyi mwenzake wateja tu, anatia chumvi kisima ambacho wote wanachota. Hapo wazee wangu wana haki kamili, na laiti wangeishia hapo tungekuwa upande mmoja.

Upande wa pili wana lao pia, na ni lazima wasikilizwe. Kijana anayefundisha siku hizi anakodi ukumbi wa shule au wa kanisa kwa saa, ananunua mikeka, analipia mtandao, na mwenye ukumbi hapokei kata, ile mifuatano ya mapigo ya mazoezi, badala ya kodi. Akirusha video leo, Jumatatu wanakuja watu watatu kuuliza ada. Akitumia saa zile mbili kurekebisha nyonga ya mtoto, matunda yake yataonekana mwakani, kama mtoto hajahamishwa shule. Mtu mwenye njaa huchagua kile kinacholipa Jumatatu. Simlaumu. Ninachomlaumu ni pale anapojitetea kwamba soko litachuja: wabaya watakimbiwa, wazuri watabaki. Soko la embe ndiyo. Soko la mikanda halichuji, kwa sababu aliyelipia mkanda anakuwa mtetezi wake. Mzazi aliyetoa ada ya mtihani mara sita, akapiga picha za sherehe, akaziweka kwenye status, hatakuja kukuambia kwamba mwanawe hajui kujikinga. Atakwambia mwanawe ni mkanda wa bluu. Na mtoto mwenyewe anaamini. Hii ndiyo hatari ambayo bango la pilau halina: binti aliyeaminishwa kwamba anaweza kujihami, akaacha kukimbia siku ambayo alipaswa kukimbia.

Mkanda, kwa kweli, ndilo tangazo lenye nguvu kuliko yote, kwa sababu linatembea mtaani na hakuna anayeliita tangazo. Na ndipo penye udhaifu mkubwa wa mpango mzima. Katika madojo mengi mwalimu ndiye anayefundisha, ndiye anayetahini, ndiye anayepokea ada ya mtihani. Mpishi ndiye mwonjaji, na ndiye mwenye duka. Mtihani kila baada ya miezi mitatu unarefusha muda wa mwanafunzi kukaa bila kumwongezea chochote, kwa hiyo namba yetu ya pili kwenye hesabu inaweza kuchakachuliwa. Kwa muda. Siku mtoto anapokutana kwenye mashindano na mkanda wa njano wa dojo jingine akapigwa kama ngoma, uchakachuaji unaonekana, ndiyo maana madojo ya namna hii huwa hayaendi kwenye mashindano ya wengine. Yanaandaa ya kwao, na kila mtoto anarudi na medali.

Hili linanirudisha kwenye swali la tangazo la aina gani. Marekani ya miaka ya 1960 alikuwepo mtu wa Chicago, John Keehan, aliyejiita Count Dante. Alitangaza kwenye vitabu vya katuni za watoto kwamba yeye ndiye mtu hatari kuliko wote walio hai, na akauza siri zake kwa posta. Hakuna namna ya kuhakiki. Nani atakwenda kujaribu? Linganisha na akina Gracie wa Brazili, familia ya walimu wa jiu-jitsu. Nao walikuwa watu wa makelele, tena wenye majigambo: kwa miongo mingi walikuwa wakitoa changamoto hadharani kwa yeyote wa mtindo wowote aje apigane nao. Kisha, tarehe 12 Novemba 1993, Rorion Gracie na wenzake wakaandaa UFC ya kwanza, mashindano ya kupigana kizimbani kwa mitindo yote, mjini Denver, wakamwingiza mdogo wake Royce, mwembamba asiyetisha kwa sura, na usiku ule akawashinda watu watatu mfululizo. Lilikuwa ni tangazo la jiu-jitsu ya familia yao, tusidanganyane. Lakini lilikuwa tangazo lililoweza kuumbuka. Royce angepigwa dakika ya kwanza mbele ya kamera, biashara ingefungwa siku hiyo. Walimu wa mitindo mingine walilalamika kwamba ule ulikuwa ugomvi wa baa, na baadhi ya malalamiko yao yalikuwa ya kweli, ila wanafunzi walishahama.

Si kila dojo la Temeke au Mombasa litafute kizimba. Kuumbuka kuna ngazi zake. Mwalimu akiandika kwenye bango "njoo uangalie darasa bure siku yoyote, bila kupiga hodi," amejiweka pabaya kwa hiari, na hiyo ni ahadi inayohakikika. Akiandika kwamba mtihani wa mikanda unasimamiwa na mtahini wa dojo jingine, vilevile. Akichapisha majina ya mikanda ya kahawia na mwaka kila mmoja alioanza, mzazi mwenye akili ataona mara moja kama watu wanapanda kwa miaka au kwa misimu. Vyama vina nafasi kubwa hapa kuliko serikali. Usajili wa klabu kwa Msajili wa Vyama vya Michezo chini ya Baraza la Michezo la Taifa unahusu katiba na viongozi. Haupimi nyonga, wala sioni sababu ya kumpa ofisa kazi hiyo. Chama ndicho chenye watu wanaojua kupima, na kanuni moja tu, kwamba mwalimu hatahini wanafunzi wake kuanzia mkanda wa kijani kwenda juu na ada ya mtihani haipiti mfukoni mwake, ingefanya kazi ambayo mahubiri ya miaka 30 kuhusu heshima ya mkanda hayajaifanya. Najua itapingwa na nani, na si vijana wa TikTok peke yao.

Kwa mzazi, ushauri wangu ni mfupi. Mkanda wa mwalimu usikushughulishe sana, na wanafunzi wapya wote wanafanana. Tazama wa katikati, mikanda ya kijani na ya bluu, waliokaa miaka miwili au mitatu. Wao ndio kazi ya mwalimu iliyo wazi. Wahesabu. Kama ukumbi una mikanda myeupe na ya njano 50, kisha weusi wawili, na katikati hakuna mtu, basi pale watu wanaingia na kutoka kama stendi ya daladala, msamba uwe mzuri vipi.

Binti yangu nilimpeleka kwa njia hiyohiyo. Nilisikia kwa mtu kwamba kuna mwalimu kwenye ukumbi wa shule moja ya msingi, nikapotea mara mbili kabla ya kufika, kwa sababu getini hakuna hata kikaratasi. Ndani nilikuta watoto 19. Wa kijani walikuwa 5, wa kahawia 3, na yule wa kahawia mdogo kuliko wote alikuwa akimrekebisha mwenzake kisigino bila kuambiwa. Nikalipa ada palepale. Baada ya mazoezi nilimsogelea mwalimu, mzee wa makamo aliyekuwa anakunja mikeka mwenyewe, nikamwambia, "Shikamoo mwalimu, weka bango pale njia panda, hata dogo." Akaitikia marahaba, akacheka, akasema atalifikiria. Huu ni mwezi wa nne tangu siku hiyo. Nguzo ya umeme bado ina bango moja la karate, lilelile, na Jumamosi iliyopita mwenye ukumbi alikuja kuulizia kodi ya mwezi uliopita tukiwa bado tumekaa kwenye benchi.